Chuma Kipo Stoo: Sinthesaiza za Wana wa Ukanda wa Dhahabu

Kama uko Kahama, Shinyanga mjini, Katoro, Nyarugusu ama Geita penyewe, kaa mkao wa kula. Ukanda wetu unasifika kwa mali za chini ya ardhi: almasi za Mwadui tangu 1940, dhahabu ya Bulyanhulu, mgodi wa Geita (GGM) ulioanza kuzalisha 2000, na maduara ambako masela wanakesha kila siku. Ila kuna mali nyingine iko juu ya ardhi kabisa na hakuna anayeigombania. Imekaa stoo za makanisa, kumbi zilizofungwa na mageto ya wapiga vinanda waliostaafu. Ni vinanda vya umeme vya zamani, sinthesaiza zenyewe, na vikikaa sana vinaishia kuuzwa kwa kilo kwa watu wa skrepa.

Hii ishu inanichoma. Tokyo, Berlin na Los Angeles watu wanapigana vikumbo kutafuta vyuma vya miaka ya 70 na 80. Minimoog Model D halisi, ile iliyoingia sokoni 1970, leo inakula zaidi ya milioni 10 za kwetu. Hatuna haja ya kushindana na huo mkwanja. Tunachohitaji ni kusanuka: kinanda ulichonacho kina uwezo kuliko unavyokitumia, na kilichotupwa kinafufuka.

Chuma kinafanyaje kazi

Mtoto wa huku atashika haraka. Ndani ya sinthesaiza ya analogi kuna oskileta, inatoa sauti ghafi, nzito, imejaa kila kitu, kama mzigo uliotoka kwenye karasha. Inafuata filta, ndo mwalo wenyewe: unaosha, unaondoa usichotaka, kinabaki kinachong'aa. Mwisho kuna saketi inayoamua sauti ipande haraka au taratibu, ikatike ghafla au ififie. Ukishayaelewa hayo matatu, mashine yoyote ya analogi unaiendesha, iwe ya 1972 au ya juzi.

Halafu 1983 Yamaha wakaleta mnyama mwingine, DX7, mashine ya dijitali. Siri yake aliigundua John Chowning pale chuo cha Stanford 1967: ukiacha wimbi moja litikise lingine kwa kasi, inazaliwa sauti mpya kabisa, kengele, mbao, shaba. DX7 ina mawimbi 6 kwa kila sauti na njia 32 za kuyaunganisha, na inapiga noti 16 kwa mpigo. Ilitawala redio za dunia nzima. Mwethiopia Hailu Mergia aliitumia kwenye albamu yake ya 1985, pamoja na akodiani, piano ya umeme ya Rhodes na sinthesaiza ya Moog, akatoa muziki ambao mpaka kesho haufanani na wa mtu mwingine.

Mwaka huohuo 1983 ikazaliwa midi, lugha ya vyuma kuongea. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi, bosi wa Roland ya Japani, waliwakutanisha washindani wakakubaliana kebo moja. Ndo maana kinanda cha 1985 chenye midi unakiunganisha na laptop ya leo na kinakubali fresh.

Cha bei chee kiligeuza dunia

Kama unadhani bila mashine ya mamilioni hutoboi, sikia hii. Casio walimwajiri dada mmoja aliyetoka kusomea muziki, Okuda Hiroko. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza midundo ya kiwandani ya MT-40, kinanda kidogo cha familia kilichotoka 1981. Mdundo mmoja ukaitwa "rock", basi. Kinanda kikafika Kingston, Jamaika. Mwaka 1985 Wayne Smith na prodyuza King Jammy wakaushika mdundo uleule, wakaupunguza mwendo, ikatoka "Under Mi Sleng Teng". Reggae ikaingia zama za dijitali na haikurudi nyuma. Kilichofanya kazi pale ni sikio la masela wa mtaani. Mashine ilikuwa ya matumizi ya nyumbani tu.

Majirani washajilipua

Kampala kuna mwamba anaitwa Brian Bamanya, jina la kazi Afrorack. Sinthesaiza za vipande, zile za kuunganisha kwa kebo nyingi, bei zake ni kilio. Jamaa akaamua kujiundia mwenyewe kwa vifaa alivyoweza kupata, akachomelea bodi moja baada ya nyingine. Mwaka 2022 lebo ya Hakuna Kulala ikatoa albamu yake. Huo ni unyama wa mtu aliyekataa kusubiri.

Dar nako usiseme. Studio ya Sisso iliipeleka singeli duniani kupitia mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", uliotolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka 2024 Sisso na Maiko wakaachia "Singeli Ya Maajabu", na mle kinanda kinakimbia kama kimevunja breki.

Sauti yetu haiko kwenye kitufe

Sasa turudi nyumbani. Kanda hii ina wapiga vinanda wengi kuliko tunavyojisifia. Kwaya ya AIC Shinyanga inaheshimika, Zabron Singers wametokea Kahama hapahapa na "Mkono wa Bwana" ikapigwa Afrika Mashariki nzima. Wakali wa nyimbo za Kisukuma kama Bhudagala Mwanamalonja wanazo ngoma zenye midundo ya studio, na sherehe haijachangamka mpaka zipigwe. Vipaji vipo kishenzi.

Tatizo ni moja: tunabonyeza sauti za kiwandani tunaishia hapo. Yamaha wana vinanda vya PSR-A kwa ladha za Kiarabu, na PSR-I kwa ladha za India, kwa sababu kule wanamuziki wana soko na madai yao yanasikika. Cha Kisukuma hakipo, na ukikisubiri utazeeka. Bugobogobo haiko kwenye kitufe. Zeze haliko. Mashindano ya makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yaliyowasha viwanja vya Usukuma tangu enzi za mababu, hayana mdundo hata mmoja humo ndani.

Basi tuuweke sisi. Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, Mwanza, msimu wa sikukuu ya Bulabo mwezi wa 6. Waombe wazee ruhusa, wape chochote cha shukrani, rekodi ngoma kwa simu yako. Rudi geto, kata sampo, pandisha kwenye kinanda. Kama chuma chako kinaruhusu kubadili mpangilio wa noti, kama DX7II ya 1987 au Korg Monologue ya 2016, tulia na zeze halisi masikioni, usogeze noti moja moja mpaka zikae. Kazi hiyo hakuna kiwanda kitakufanyia.

Kabla hujalipa, shtuka

Mzigo wa mtumba kutoka Japani ni mtamu ila una mtego. Japani umeme wao ni volti 100, wetu ni 230. Ukichomeka bila transfoma ya kushusha, chuma kinakufa hapohapo. Angalia kibandiko cha nyuma kwanza.

Adapta nazo zinaua. Casio nyingi za zamani hasi iko katikati ya pini, Yamaha nyingi chanya ndo iko katikati. Usiazime ya jirani kisa imeingia.

Bonyeza kila noti, taratibu na kwa nguvu. Noti iliyozima mara nyingi ni vumbi tu kwenye mpira wa chini, na vumbi la kwetu unalijua. Fundi anafungua, anasafisha kwa spiriti safi, inarudi. Kitufe cha kuzungusha kikikwaruza, nacho ni cha kusafishwa. Hizo kasoro zitumie kushusha bei.

DX7 ikiwasha bila sauti zake, usikimbie: betri ndogo ya ndani imekwisha. Inabadilishwa, sauti zinapakiwa upya kwa midi. Juno-106 ya 1984 ndo uwe makini zaidi, zile chipu 6 za sauti zinajulikana kwa kufa. Sikiliza zote 6 kabla ya kutoa hela.

Na upande wa umeme usiufungue mwenyewe kama hujui, kapasita zinatunza chaji hata ukichomoa. Mpe fundi wa bodi.

Ukitaka kipya cha bei ya kueleweka, Korg Volca zilizotoka 2013 zinatumia betri 6 ndogo, umeme ukikata machimboni unaendelea na mishe. Behringer nao wana Model D iliyofuata nyayo za Minimoog kwa sehemu ndogo ya bei.

Mfuko mtupu? Bado unaingia

Kama una laptop na bando, huna sababu. Dexed ni programu ya bure inayofanya kazi ya DX7, hata sauti zake za zamani inazisoma. Surge XT bure. Vital ina toleo la bure. VCV Rack inakupa ukuta wa kebo kama wa Afrorack kwenye skrini. Anza humo, jifunze oskileta na filta, ili siku zali la kinanda cha stoo likikuangukia usiwe unabahatisha.

Usibane ujuzi pia. Mkiwa wana watatu au wanne Kahama, changeni mnunue kinanda kimoja kibovu, mmoja ashike bodi, mwingine rekodi, mwingine ngoma za wazee. Mkusanyaji wa kweli anapiga vyuma vyake. Sinthesaiza iliyofunikwa kitambaa sebuleni kwa bishoo haina tofauti na ile ya stoo.

Kwa hiyo Jumapili hii ibada ikiisha usisepe. Mfuate mwalimu wa kwaya kwa heshima zote, umwamkie vizuri, umwulize: "Shikamoo mwalimu, kile kinanda cha zamani kiko wapi?" Akikuonyesha, omba ukitengeneze kwa ajili ya vijana wa kwaya, siyo kukibeba. Kikishaongea, kinyang'anye sauti za kiwandani ukifundishe Kisukuma.