Vita vya Kaleb na hazina ya Aksum

Cosmas, mfanyabiashara wa Alexandria aliyefika bandari ya Adulis karne ya 6, ameacha maelezo yasiyosahaulika ya biashara ya dhahabu. Misafara ya dola ya Aksum ilikwenda bara hadi nchi aliyoiita Sasu, safari ya miezi 6 kwenda na kurudi. Wakifika hujenga boma la miiba, huchinja ng'ombe, kisha hutandaza juu ya miiba vipande vya nyama, chumvi na chuma. Wenyeji huja na punje za dhahabu, huziweka juu ya wanachokitaka na kusogea kando. Mwenye mali akiridhika huchukua dhahabu; asiporidhika huiacha palepale, mpaka mwenzake aongeze au aichukue aende zake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake dini.

Cosmas huyohuyo alikuwepo Adulis Mfalme Kaleb wa Aksum alipojiandaa kuivamia Himyar, Yemen ya leo. Sababu iliyotangazwa inajulikana: Yusuf Dhu Nuwas, mfalme wa Himyar wa dini ya Kiyahudi, alikuwa amewaua Wakristo wa Najran. Mauaji hayo yalitokea kweli, na sioni sababu ya kuitilia shaka imani ya Kaleb. Lakini kwa nini, katika siku hizo za maandalizi, aliagiza yanakiliwe maandishi ya Kigiriki ya kiti cha kale cha marumaru? Cosmas na mwenzake waliifanya kazi hiyo, na walichonakili ni orodha ya ushindi wa mfalme wa zamani, ukiwemo ule wa ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Mwenye kulipiza damu ya waumini tu angeitakia nini orodha hiyo? Naamini Kaleb alivuka akitaka haki ya Najran na ushuru wa Yemen kwa pamoja.

Alishinda mwaka 525. Kisha Abraha, askari wa jeshi lake, akajitwalia Yemen. Jeshi la kwanza lililotumwa kumrudi lilijiunga naye, la pili likashindwa. Takriban mwaka 570 Waajemi wakaingia. Wanaoulaumu Uislamu kwa kuanguka kwa Aksum wanakosea mpangilio wa miaka: Waislamu wa kwanza walipokimbilia kwa Najashi, mfalme wa Aksum, takriban mwaka 615, Yemen ilikuwa imekwisha kupotea. Hoja ya udongo ni nzito zaidi. Miteremko ya Aksum ilimomonyoka kwa kukatwa miti na kulimwa mfululizo, na hilo silipingi; ila dola yenye forodha hai hununua chakula, na iliyomaliza akiba vitani hulala njaa. Sarafu za Mfalme Armah, miongoni mwa za mwisho, tunazijua za fedha na shaba tu.

Mapokeo ya Kanisa la Ethiopia yanasema Kaleb aliachia ufalme, akapeleka taji lake Yerusalemu na kuingia utawani. Je, alikuwa amekwisha kuiona gharama?