Nyoka Ndani ya Herufi

Huenda mmewahi kuona picha ya kitabu cha kale ambacho herufi yake ya kwanza ni kubwa kama dirisha, imejaa rangi na dhahabu. Nataka kuwaeleza jinsi ya kuchora herufi kama hiyo kwa nakshi za Waviking.

Lakini tuelewane kwanza. Waviking wenyewe hawakuwa watu wa vitabu. Walichonga mbao na mawe. Kule Jelling, Denmaki, kuna jiwe la Mfalme Harald la mnamo 965, lenye mnyama mkubwa aliyezongwa na nyoka. Huko Urnes, Norwei, kuna kanisa la mbao ambalo ukutani pamechongwa wanyama wembamba wanaoumana. Vitabu vya ngozi vilikuja baadaye pamoja na Ukristo. Kimoja cha Aisilandi, Flateyjarbók, kilichoanza kuandikwa 1387, kilikula ngozi za ndama 113! Basi kazi yetu ni kuutoa mchongo kwenye ubao na kuuleta ukurasani.

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Chagua S, maana hiyo tayari ni nyoka. Mpe kifua kipana, kisha mwili upungue hadi mkia uwe kama uzi. Jicho liwe kubwa, limechongoka kama mbegu ya boga. Halafu mlete nyoka wa pili, mwembamba zaidi, amzunguke mwenzake kwa vitanzi vyenye umbo la nane.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kanuni ni moja tu: juu, chini, juu, chini, kama anayesuka ukili. Fuata mwili mmoja kwa kidole tangu kichwani. Kila unapokutana na mwingine, badilisha, na ufute mistari ya yule apitaye chini. Miili mitatu isikutane pahali pamoja. Ukipita juu mara mbili mfululizo, rudi uhesabu. Mara nyingi kuna njia panda uliyoiruka. Na usijaze kila pembe hadi S isisomeke. Mimi naona hiyo si herufi tena, ni fundo la kamba tu.

Dhahabu hutangulia rangi, kwani ikija baadaye itanatia pasipotakiwa. Sisi hutumia karatasi za peremende zinazong'aa, tukazibandika kwa gundi, kisha ndipo nyekundu na kijani. Wino mweusi wa pembeni ni wa mwisho. Uache ukauke kabisa kabla hujagusa raba.