Nuru ya Nikahi: Lenzi Kwanza, Flashi Baadaye

Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti hapa Ikungi, huombwa mara kwa mara kupiga picha za nikahi. Siku moja nilitumia flashi iliyomo ndani ya kamera. Uso wa mzee aliyemwozesha mjukuu wake ukatoka mweupe pe. Mzee yule amekwisha kutangulia mbele ya haki, na familia yake haina picha nyingine ya siku ile.

Ndugu msomaji, kabla ya flashi, tafuta lenzi. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 huingiza mwanga takriban mara 10 ya ule wa lenzi ya kawaida iliyovutwa hadi f/5.6, wala hakuna mwako wa kumkatiza sheikh khutba yake.

Flashi ikilazimu, chagua yenye kichwa kinachogeuka, ukielekeze kwenye dari nyeupe ili nuru ishuke kwa upole. Pasipo na dari, tumia ukuta mweupe. Ukuta wa kijani huzitia nyuso ukijani.

Katika karne ya 11, Ibn al-Haytham wa Basra alifafanua kwamba tunaona kwa nuru itokayo kwenye vitu na kuingia machoni. Basi isome nuru kwanza, ndipo ufungue mkoba. Na kabla ya yote, omba idhini: picha ya mtu ni amana.