Mji wa Kupangwa ni Nini, na Unamhusu Vipi Mwenye Shamba Isebania?

Mwenye ekari moja pembeni mwa Isebania hulima mahindi au tumbaku, au huikata ploti za futi 50 kwa 100 akauza. Ekari ya mraba ina takriban futi 208 kila upande. Weka safu mbili za ploti nne nne, na utakuwa umetumia futi 200 kwa 200. Kinachobaki ni ukanda wa futi 8, ambao ni karibu upana wa lori la kunyonya maji taka. Wengine hupunguza ploti ili barabara ipatikane, lakini jirani akikata shamba lake mwaka unaofuata, barabara yake haikutani na ile ya kwanza. Shule nayo haina pa kukaa.

Mji wa kupangwa huanza na ramani moja. Barabara, mabomba ya maji, maji taka, shule, zahanati, soko, nyumba na viwanda huchorwa kwanza, kisha ndipo ploti huuzwa. Mfano unaojulikana zaidi nchini ni Tatu City karibu na Ruiru, Kaunti ya Kiambu: ekari 5,000 zilizokuwa mashamba ya kahawa, leo zikiwa na nyumba, shule, maghala na viwanda. Haikuwa kazi ya msimu mmoja, kwani wenye hisa walivutana mahakamani kwa miaka kadhaa. Tilisi, kule Limuru, ni ndogo zaidi, ekari 400 hivi.

Makala haya hayatangazi mradi wowote Isebania. Tunaeleza mapema kwa sababu kituo cha mpakani, barabara kuu ya Kisii na Migori, na biashara na ndugu zetu wa Sirari vinaifanya ardhi ya hapa itafutwe, na anayekuja na mabango ya rangi huwa amejiandaa kuliko mwenye shamba.

Kwa mwenye shamba, jambo la kwanza ni hati. Mashamba mengi bado yako kwa jina la babu aliyefariki, na kabla ya urithi kukamilishwa mahakamani hakuna wa kuyauza kihalali. Ardhi ya kilimo pia huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, na bila idhini hiyo mauzo ni batili hata kama pesa zimeshapokelewa. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99. Hili linawahusu hata jamaa zetu walio upande wa pili wa mpaka.

Kisha kuna kibali. Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya mwaka 2019, mwekezaji huomba kibali kwa serikali ya kaunti, na sharti autangazie umma mradi wake ili wenye pingamizi walete. Muda unahesabiwa: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria huchukulia kwamba amekubaliwa. Kwa hiyo pingamizi la mkazi lifike mapema, tena kwa maandishi. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uwiano ya mipango ya kaunti, na baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mradi mkubwa huhitaji pia tathmini ya mazingira kupitia NEMA.

Mkazi asiyeuza hata hatua moja ya ardhi anaweza kuguswa pia. Konza, mji wa teknolojia ambao serikali ya kitaifa ilitengea ekari 5,000, ulizungushiwa ukanda wa kilomita 10 ambamo ujenzi na ugawaji wa ardhi ulidhibitiwa. Wenye mashamba ndani ya ukanda huo hawakuuza chochote, ila hawakuwa huru tena kugawa au kujenga walivyotaka.

Mahali tunapopaona pagumu zaidi ni ardhi ya umma. Kwenye ramani kila mwekezaji huchora shule na uwanja wa watoto. Lakini kuchorwa si kusajiliwa. Eneo hilo lisipokabidhiwa rasmi na kusajiliwa kuwa ardhi ya umma, linaweza kubaki kwa jina la kampuni, na miaka kumi baadaye likawa ploti kama nyingine. Uliza pia nani atalipia barabara na taka, maana katika miji ya aina hii mara nyingi ni kampuni inayosimamia na mkazi hulipa ada kila mwezi. Na kama kuna lango, uliza iwapo mama mboga na bodaboda wataruhusiwa kupita.

Ramani ya mradi ikitangazwa, afisa wa mipango wa kaunti ndiye wa kuulizwa. Nenda na nambari ya shamba lako, umwombe akuonyeshe linapoangukia kwenye ramani: ndani ya mradi, mpakani mwake, au juu ya mstari wa barabara.