Mwezi Umepatwa na Nini? Maelezo Mafupi kutoka Mutoshi

Kitenzi "kupatwa" hakipendi kusimama peke yake. Mtu hupatwa na homa, hupatwa na msiba, hupatwa na mshangao. Kila mara neno "na" hutuelekeza kwenye jambo lililomfikia. Lakini tusemapo "mwezi umepatwa", sentensi huishia hapo, na msikilizaji huachiwa nafasi tupu aijaze mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuijaza nafasi hiyo kwa yale ambayo mtu yeyote anaweza kuyaona akiwa uani kwake, bila darubini. Wala hahitaji kukinga macho, kwani mwezi si jua.

Lugha nyingine zimelitazama tukio hili kwa namna tofauti. Neno la Kifaransa "éclipse" lina asili ya Kigiriki, katika kitenzi chenye maana ya kuacha au kukosekana mahali unapotazamiwa. Kiarabu hutumia "khusuf" kwa mwezi, na shina lake lina maana ya kuzama au kudidimia. Ndilo jina la sala ambayo Waislamu husali mwezi unapopatwa. Mgiriki aliona kukosekana, Mwarabu kuzama, Mswahili kushikwa. Baadhi ya wanafunzi wetu huandika "eklipsi ya mwezi". Sioni faida yake: neno hilo halimsukumi msomaji kuuliza swali lolote, ilhali "kupatwa" humsukuma.

Na swali huulizwa kweli. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa wote, mama mmoja jirani yangu hapa Mutoshi aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha Katanga: "Ee baba, mwezi inakamatwa na nani?" Mwanaisimu atagundua mara moja kwamba hakuuliza "na nini". Kijana wake alikuwa na jibu tayari: ni vumbi la mgodi. Jibu hilo si la kuchekwa. Mutoshi, iliyokuwa ikiitwa Ruwe zamani, imeishi na migodi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwanzoni mwa Septemba, kiangazi kinapoelekea kwisha, hewa imejaa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Mwezi huchomoza mwekundu hata siku ambazo haukupatwa na kitu.

Hapa pana wekundu wa aina mbili, na mtazamaji wa nyumbani anaweza kuutenganisha. Mwezi ulio karibu na upeo wa macho hutufikishia nuru yake kupitia tabaka nene la hewa. Hewa hiyo, pamoja na vumbi na moshi, hutawanya rangi ya buluu na kuacha nyekundu ipite. Wekundu huu ni wa kwetu, nao hufifia kadiri mwezi unavyopanda. Wekundu wa kupatwa huenda kinyume: usiku ule ulizidi mwezi ulipokuwa ukipanda. Huo hutokana na nuru ya jua inayopindwa na hewa iliyoizunguka dunia nzima na kuingia ndani ya kivuli chake. Ni rangi ya machweo na mapambazuko yote ya dunia kwa wakati mmoja. Vumbi la mtaa mmoja haliwezi kuibadili. La volkano kubwa laweza: mwezi uliopatwa tarehe 9 Desemba 1992 ulikuwa mweusi mno, kwa sababu mlima Pinatubo wa Ufilipino ulikuwa umelipuka Juni 1991 na kurusha majivu na gesi juu sana angani.

Turudi kwa "nani". Kwa saa za Lubumbashi (wanaosikiliza matangazo ya Kinshasa wakumbuke kuongeza saa moja), kivuli kilianza kuugusa mwezi saa 12.27 jioni, muda mfupi tu baada ya kuchomoza kwake. Mwezi ulipatwa wote kuanzia saa 1.30 usiku hadi saa 2.52, ukaachwa kabisa saa 3.56. Mwenye subira alione jambo hili: giza lilianzia upande wa chini, na nuru nayo ikarudi kwanza upande uleule wa chini. Kama kungekuwa na mnyama aliyeuma na baadaye kulegeza meno, sehemu iliyomezwa mwisho ndiyo ingetoka kwanza. Ikawa kinyume: iliyotangulia kuingia ndiyo iliyotangulia kutoka, kama msafiri apitaye chini ya daraja. Basi mwezi haukuendewa na kitu. Wenyewe ulikuwa safarini, ukienda kasi ya takriban kilomita 1 kwa sekunde, ukapita katika kivuli cha dunia, ambacho mahali hapo kina upana wa karibu kilomita 9,000. Upana wa mwezi wenyewe ni kilomita 3,474. Tena ukingo wa kivuli hicho ni wa mviringo, na Aristotle alikwisha kuutumia kama ushahidi kwamba dunia ni mviringo.

Kwa nini basi haupatwi kila unapokuwa mpevu? Kwa sababu njia yake imeinama kwa nyuzi 5 hivi kuilinganisha na njia ya dunia, hivyo mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli.

Nilimjibu mama yule: umepatwa na kivuli chetu sisi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na yeye yumo katika kivuli hicho. Yumo, pamoja na nyumba yake na mgodi.

Anayetaka kujaribu mwenyewe atazame tarehe 26 Juni 2029, katikati ya kiangazi, wakati ambapo mawingu ni haba. Kivuli kitaanza saa 9.32 usiku, na mwezi utakuwa umepatwa wote kuanzia saa 10.31 alfajiri hadi saa 12.13 asubuhi. Atafute ua ulio wazi upande wa magharibi. Kwa kuwa safari hiyo mwezi utakuwa unashuka badala ya kupanda, giza litaanzia upande wa juu.