Ziwa Letu na Milima Yetu: Semina ya Familia Nzima

Mpe mtoto wa Ujiji penseli umwambie achore mnyama. Mara nyingi atachora simba au tembo, kwa sababu ndio aliowaona kitabuni. Lakini samaki anayemla kila wiki, ndege anayelia juu ya mwembe wa kwao, au nyoka anayeogelea kando ya mawe pale dada yake anapochota maji, hao hajui tabia zao. Nasi akina mama, je, tunaweza kumweleza?

Semina za mazingira si jambo geni katika mji wetu. Tatizo ni kwamba mara nyingi anaalikwa mtu mmoja tu wa nyumba. Mama akienda, anasikiliza, anaandika katika daftari, kisha anarudi nyumbani na mambo yanaishia mlangoni. Baba hakuyasikia, na watoto hawakuwapo. Kesho yake kuni zinakatwa palepale, na nyavu zinavutwa vilevile. Ndiyo maana sisi wa vikundi vya akina mama kanisani tunazidi kuona kwamba semina ya namna hii inafaa iwe ya familia nzima, baba, mama na watoto wakikaa mkeka mmoja.

Waliotutangulia

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuwachunguza sokwe mtu. Wengi wamesikia habari zake, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuja pamoja na mama yake mzazi, Vanne. Serikali ya wakati ule haikukubali msichana akae porini peke yake. Mama huyo hakukaa bure kambini. Alifungua kliniki ndogo yenye dawa za kawaida, akawatibu wavuvi na familia zao. Hivyo urafiki wa watu wa ziwani na kazi ya sokwe ulianzia kwenye kidonda kilichosafishwa na homa iliyotulizwa.

Miaka thelathini baadaye Jane Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, akaona kwamba nje ya hifadhi milima imebaki uchi. Watu walikuwa wengi, mashamba yamechoka, na miti imekwisha. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji kumi na viwili vya jirani na hifadhi. Wafanyakazi wa mradi huo, Watanzania wenyewe, hawakuanza kwa kuhubiri habari za sokwe. Waliwauliza wanakijiji wanahitaji nini. Watu walitaja chakula, afya, maji na shule za watoto. Mradi ulianzia hapo, na upandaji miti ukafuata. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Goodall alikuwa amekwisha kukutana na wanafunzi wachache wa sekondari nyumbani kwake Dar es Salaam, na huo ukawa mwanzo wa vikundi vya watoto na vijana vya Roots & Shoots, ambavyo leo viko katika nchi nyingi duniani. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91.

Tunalojifunza hapa ni hili: anayetaka kumfundisha mama kutunza msitu, kwanza aulize mzigo wake wa kuni ni mzito kiasi gani.

Wazazi wa majini na wa msituni

Watoto huvutwa na habari za watoto wenzao, basi tuanzie hapo. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, lina kina cha mita 1,470 hivi, na samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine popote. Wapo wale wadogo wa kwenye mawe ambao mama huyabeba mayai yake kinywani. Vifaranga vikitotolewa hubaki humohumo mpaka vipate nguvu. Kuhe naye, tunayempenda kwa mawese na ugali wa muhogo, haachi makinda yake. Baba na mama huyalinda pamoja, na kumfukuza kila anayekaribia.

Msituni napo kuna mambo ya kutufundisha. Sokwe mtu hunyonya kwa miaka kama mitano, na hata baada ya hapo hushikamana na mama yake. Kule Gombe alikuwapo sokwe jike aliyeitwa Flo, aliyefariki mwaka 1972. Mwanawe Flint alikuwa na miaka minane, umri wa kujitafutia chakula. Lakini alikaa karibu na mahali mama yake alipofia, akaacha kula, na baada ya wiki chache naye akafa. Ukisimulia habari hii, hata baba aliyekuja kwa kusukumwa hunyamaza.

Watoto wadogo hawaruhusiwi kwenda kuwaona sokwe hifadhini, na sababu yake inafaa kuelezwa. Magonjwa yetu huwapata wao. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliowapata watu uliwaingia sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakabaki na vilema. Mafua ya kawaida kwetu yanaweza kuwa kichomi kwao. Hapo mama anapata nafasi ya kuwakumbusha watoto chanjo, kunawa mikono na kuziba mdomo wakati wa kukohoa, na kwamba mambo hayo yanawalinda hata viumbe walio nje ya nyumba yetu.

Swali la chandarua

Katika semina moja tulizungumzia vyandarua vinavyotumika kuvulia kando ya ziwa. Mvuvi mmoja alisimama akauliza, “Mnatukataza chandarua. Watoto wangu wale nini leo?” Ukumbi ulinyamaza, maana mke wake alikuwa ameketi pale pamoja na watoto wanne.

Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kukemea. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi twajua upande mmoja wake: mtoto asiyelala ndani ya chandarua huletwa na malaria, na siku za kumwuguza nazo hula fedha za chakula. Upande wa pili ni wa ziwa. Matundu ya chandarua ni madogo mno, hayachagui. Huzoa makinda yaliyojificha kwenye maji ya kina kifupi, yakiwamo yale ya kuhe tuliyosema wazazi wake wanayalinda. Bakuli moja la makinda leo ni mitego mingi mitupu baadaye.

Siku ile jibu halikutoka kwa mtoa mada. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa alikumbusha mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa katika ziwa lote kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Alisema miezi ile ilikuwa migumu, na kwamba nyumba zilizosalimika ni zile ambazo mume na mke walikuwa wamepanga mapema: bustani ya mchicha, kuku, fedha kidogo katika chama cha kuweka na kukopa. Mvuvi yule hakuahidi kitu mbele ya watu. Lakini alibaki baada ya sala, yeye na mkewe, wakimwuliza mama yule habari za chama. Kama angekuwapo mmoja wao tu, mazungumzo hayo yasingefanyika.

Namna ya kuandaa

Semina kama hii haihitaji fedha nyingi. Tunapendekeza mambo haya:

Chagueni Jumamosi mchana, akina baba wakiwa wamepumzika. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, basi tazameni mwezi. Siku za mbalamwezi wengi wao huwa nyumbani.

Mwalikeni mtaalamu mmoja tu, kama bwana misitu, bwana samaki, mwalimu au mtumishi wa hifadhi. Naye apewe nusu saa, asizidishe. Kisha mzee wa mahali aeleze milima ilikuwaje zamani na vijito vilipita wapi.

Watoto wasikalishwe nyuma. Wapeni kazi ya kuleta majani, magamba ya konokono, manyoya ya ndege, na kuyaeleza. Asiletwe kiumbe hai.

Isikose dakika kumi za afya. Watoto waelezwe kwamba kichocho hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, hivyo wasiogelee hapo. Waambieni pia kwamba swila wa majini anakula samaki wala hamfuati mtu, ila ana sumu, asichezewe. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye jeraha, wala msifunge kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi.

Mwisho kila familia ikae peke yake kwa robo saa, ichague jambo moja la kufanya. Inaweza kuwa kujenga jiko banifu la udongo ili kuni zipungue, kupanda miti mitano ya matunda, au kurudisha chandarua kitandani. Jambo moja tu, na mtoto mmoja akabidhiwe kulikumbusha.

Mama mpendwa, kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinatuambia kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Hakuwekwa peke yake kwa muda mrefu, alipewa mwenzake. Bustani yetu ni ziwa hili na milima hii. Mwezi huu, kabla kikundi chenu hakijapanga semina nyingine ya akina mama peke yao, someni pamoja Zaburi ya 104, kisha mwulizane: je, safari hii tuwaalike na nani wa nyumbani?