Kiwanja cha kwanza Mafia: kabla hujatoa hela, uliza minazi ni ya nani



Hapa kafe kila wiki napata swali lile lile: "Oya, eti serikali inamsaidia hela mtu anayenunua nyumba ya kwanza?" Mnasoma za nje hizo. Ni kweli wenzetu wanayo mambo. Uingereza mwaka 2017 ilianzisha akaunti ya akiba ya vijana: ukiifungua ukiwa na miaka 18 hadi 39, ukaweka pauni 100 za nyumba ya kwanza, serikali inakuongezea 25. Kwetu Bongo zawadi ya namna hiyo hakuna. Tulichonacho ni sheria na mikopo, na vyote viwili vinaanza na karatasi safi. Mimi hilo nimejifunza kwa hasara, ndo maana naandika.

Nilikuwa na milioni mbili, akiba ya miaka minne ya kuuza vocha na kukaa dukani kwa watu. Mzee mmoja akanionyesha kipande kijijini, kizuri, kina minazi kumi na moja na bahari unaisikia. Akanitolea karatasi ya daftari yenye sahihi za mashahidi wawili. Eti kuna mteja anakuja na boti ya kesho. Nikatoa kianzio laki tatu palepale.

Jioni nikamweleza bibi nikitegemea pongezi. Akauliza kitu kimoja tu: "Na minazi ni ya nani?"

Nikacheka. Kumbe hakuna cha kucheka. Huku kwetu tangu zamani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ulipo ikawa na mwenyewe mwingine. Mtu anauza minazi, anaiweka rehani, anawarithisha wanawe, ardhi haijahama. Kufuatilia, minazi saba ni ya dada yake yule mzee yuko Dar, na ardhi ni ya marehemu baba yao, warithi hawajagawana. Laki tatu yangu mpaka leo sijaiona.

Haya, twende kazi. Ukitaka kununua, fuata haya:

1. JUA NI ARDHI YA AINA GANI. Kisheria ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini. Wewe unanunua haki ya kuitumia. Ukiwa Kilindoni mjini, kwenye viwanja vilivyopimwa, unaongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na hati inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Muuzaji akikupa namba ya kiwanja, nenda nayo ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya, uliza imeandikwa jina la nani. Ukienda Baleni, Kirongwe au Bweni, huko ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na karatasi yake ni hati ya hakimiliki ya kimila. Kama wewe si mkazi wa kijiji hicho, mauzo lazima yaridhiwe na halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti peke yake na mhuri wake mfukoni si halmashauri ya kijiji! Na akikudai asilimia zake, mwombe risiti ya serikali.

2. ULIZA FAMILIA. Kama mwenye mali amefariki, anayeuza awe na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kama ni nyumba wanayoishi mke na mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuiuza bila mwenzake kuridhia. Halafu zunguka na majirani wa pande zote nne, uliza mipaka, uliza na minazi. Ikiwezekana mkataba utaje mnazi mmoja mmoja.

3. ANGALIA BAHARI. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kile kiwanja cha "hatua mbili unaoga" ndicho cha kukikimbia. Na ukiwa Utende, Chole, Juani au Jibondo uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995. Pita ofisini kwao Utende kabla hujachimba msingi.

4. PANGENI KODI MAPEMA. Kwa mali yenye hati kuna ushuru wa stempu asilimia 1, na kodi ya faida ya mauzo asilimia 10 ya faida, ambayo kisheria ni ya muuzaji. Mkiacha kulizungumza, mwishoni unabebeshwa wewe.

5. MKOPO. Ile Benki ya Nyumba Tanzania ya kina baba ilikufa 1995. Sheria ya mikopo ya nyumba ikaja 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, kazi yake kuzipa benki hela za kukopesha kwa muda mrefu. Kwa hiyo mikopo ya miaka 15, 20 sasa ipo. Lakini riba! Ripoti za Benki Kuu za miaka ya karibuni zimekuwa zikitaja kati ya asilimia 15 na 19. Piga hesabu ya milioni 10 kwa asilimia 17: kwa miaka 20 unalipa kama 147,000 kwa mwezi, mwisho umerudisha milioni 35. Kwa miaka 5 unalipa kama 248,000, umerudisha karibu milioni 15. Na benki haitazami sura, inataka hati na kipato kinachoonekana. Wengi wetu hapa tunajenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani tofali, bati zikija na boti. Hakuna aibu.

Dada zangu, sheria hizi za 1999 zinawapa haki sawa ya kununua na kumiliki. Hela yako ikiingia, jina lako liingie kwenye hati. Usiambiwe "tuandike la kaka tu."

Mimi nimeanza upya. Nafuatilia kiwanja kilichopimwa hapa Kilindoni, kidogo, hakina hata mnazi mmoja. Safari hii sijatoa hata mia mpaka nimeona jina kwenye faili la ardhi, na malipo yatapita benki, siyo mkononi.

Kama nawe yamekukuta, au umefanikiwa, tupe uzoefu hapo chini, ila majina ya watu tuyaache. Kuna mwenzetu muda huu yuko njiani na hela mfukoni.

Naomba kuwasilisha.